Kipindi cha Wanene

Mpaka leo, nikisikia muziki wa kufungulia kipindi kile ukipenya ukuta wa jirani, damu inanipanda kichwani. Siwachukii wale Wamarekani. Wale maskini hawakunikosea lolote. Walikuwa watu wanene kupita kiasi, wamelala kwenye vitanda vyao huko mbali, wakingoja daktari awapasue tumbo alipunguze, ili chakula kikose pa kukaa. Hasira yangu ni kwa waliokuwa wakiwatazama, na wengi wao waliwatazama wakiwa wamekalia viti vyangu, wakila pilau niliyoipika mimi.

Nilikuwa na hoteli Munuki, mtaa wa Juba, hoteli kwa maana yetu sisi Wakenya: chumba cha mabati, meza chache zenye vitambaa vya plastiki, jiko la makaa uani, na chai ya maziwa kuanzia alfajiri. Nilikuja Juba kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, wakati sisi watu wa magharibi ya Kenya tulikuwa tukiambiana kwamba huku kuna watu wengi na chapati chache. Mwaka wa uhuru mji ulifurika. Wenyeji walikuwa wakirudi kutoka Khartoum, Kakuma na Kampala, wageni tulikuwa tukiingia kwa mabasi, na kila gari lilipeperusha bendera mpya. Watu walikula kama waliofungiwa chakula miaka na miaka, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Katika furaha ile nikajinunulia televisheni kubwa na dishi, nikaitundika juu ya friji ya soda.

Na nilikuwa mnene. Nalisema mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu wengi mno wamelisema kwa niaba yangu. Nilikuwa mnene wa kuingia jikoni kiupandeupande. Juba ya siku zile hilo halikuwa tusi hata kidogo. Mwenye hoteli akiwa mnene, mteja anajua chakula cha pale kinalika. Wanawake waliouza soko la Custom waliniambia nimekaa vizuri, nimependeza, wakanishika mkono hapa kwa ndani palipo laini, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kukinunua. Nilizoea, na sitadanganya kwamba nilichukia.

Kipindi kilikuwa kinaonyeshwa saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali na watu hawana haraka ya kurudi kazini. Kilikuwa cha Kiingereza, tena kile cha Kimarekani cha kumeza maneno, na wateja wangu wengi hawakukifuata. Hapo ndipo alipojitokeza yule kijana wa benki.

Alikuwa Mkenya mwenzangu, msomi, shati jeupe na tai hata joto likiwa la kuyeyusha lami. Alikuwa akija kula chakula cha mchana kikiwa kimechelewa, na akimaliza anasimama kando ya televisheni na kijiti cha meno mdomoni, anatafsiri. Mwanzoni alitafsiri vizuri. Baadaye akaona watu wanacheka zaidi akiongeza chumvi, basi akawa kama wale wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video kule Kampala: daktari akisema maneno matatu, yeye anasema kumi, na saba ni yake. Watu walianza kuja kwa ajili yake. Viti havikutosha, wengine wakasimama mlangoni.

Kila siku ilikuwa hadithi ileile. Mtu mnene anaamka, anaoshwa na ndugu yake, anasafiri mbali, anapandishwa kwenye mizani, anasomewa kilo zake, analia. Kisha anakatwa. Na ukumbi wangu unatoa hukumu. Wachuuzi wa Uganda walisema mtu yule apewe jembe, msimu mmoja wa kulima mihogo utamtosha. Mwingine alitaka kujua mume anayempelekea mkewe chakula kitandani anapatikana wapi, kwa maana wake yeye hata maji hamletei. Fundi mmoja wa viatu aliapa kwamba kile kipande cha tumbo kinachokatwa kinauzwa, hakitupwi, na mjadala wa nani ananunua ukachukua alasiri nzima. Wote walikubaliana kwamba yule si mgonjwa. Mgonjwa gani ananenepa?

Aliyekuwa tofauti ni mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, mrefu hata akiwa ameketi, aliyejifunza Kiswahili akiwa mkimbizi Kenya. Yeye hakucheka. Alimtazama mtu wa kwenye mizani kwa heshima kabisa, mikono juu ya fimbo yake. Siku moja akatueleza kwamba kwao, kwa wafugaji, enzi za ujana wake kulikuwa na mashindano ya kunenepa. Vijana wenye bahati walikuwa wakijitenga na ng'ombe wa maziwa, wanalala tu, wanakunywa maziwa, hawagusi kazi, mpaka ngozi inang'aa. Mwisho wanasimamishwa mbele ya watu, na aliyewazidi wenzake anatungiwa nyimbo. Yeye mwenyewe aliwahi kushika nafasi ya pili. Alipomaliza kusimulia akaelekeza fimbo kwenye televisheni.

"Ya mama," akaniambia, "huyu kawaja, huyu mzungu, ameshinda wote. Sasa wanamkata kwa nini?"

Walimcheka na yeye pia. Mimi nilimwongezea nyama kwenye sahani yake.

Sasa, watu wakitazama mwili mnene kila siku saa kumi, na kando ya televisheni kuna mwili mnene mwingine unabeba sinia, kuna siku macho yatahama. Yalihama. Kijana wa benki ndiye aliyeyahamisha. Kwenye televisheni mwanamke alikuwa anajaribu kuinuka kitini. Alishika ukuta kwanza, akavuta pumzi, akahesabu kimoyomoyo. Nilimwona akihesabu, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nikihesabu hivyo kila asubuhi, na ukuta ule niliujua. Nilikuwa nimesimama pale na chai ya watu mkononi, nimejisahau. Kijana akageuka, akanitazama, akaelekeza kile kijiti chake.

"Mathe, hii si ni wewe?"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Watu niliowalisha tangu siku za bendera walicheka wakipiga meza, na wengine walinitazama kwa mara ya kwanza, kuanzia miguuni kwenda juu, wakinipima. Ule ulaini wa mkono waliokuwa wakiusifu sasa ulikuwa kichekesho. Niliweka chai mezani polepole, kwa sababu kama ningeiweka kwa haraka ningemmwagia. Nilipofika jikoni nilikata kabichi nzima ambayo hakuna aliyeiagiza.

Ningeweza kuizima televisheni. Wengi wameniuliza. Lakini ile saa kumi ndiyo iliyokuwa ikijaza viti, na isitoshe nilisema moyoni, kwa nini niizime mimi? Waone haya wao.

Kabla ya mwaka ule kwisha nikapata kidonda juu ya kidole cha mguu, kidogo tu, cha kiatu. Hakikupona. Nilipaka dawa, nikakifunga, nikakiombea, kikabaki palepale kinanitazama. Mwishowe nikaenda kliniki, na daktari akanichoma kidole, akasoma, akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye sukari. Nikamwambia mama yangu alikuwa nayo. Akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia walimkata mguu chini ya goti, halafu juu ya goti, halafu tukamzika.

Daktari hakunizungusha. Alisema dawa nitameza, lakini kubwa ni kupunguza mwili, tena si kidogo. Nisipopunguza, atanirudisha pale pale tuzungumze habari ya mguu.

Mtu hahitaji kuambiwa mara mbili jambo kama hilo, hasa aliyewahi kumwosha mama yake kidonda. Niliacha sukari, nikaacha mandazi, nikawa napika chapati zinazonukia mpaka barabarani na mimi nakula sukuma wiki na samaki wa kuchemsha. Niliwaacha watu wa boda boda. Kila asubuhi nilikwenda soko la Konyo Konyo kwa miguu kununua samaki, nikirudi kwa miguu, nikitweta, wapita njia wakishangaa mwanamke kama mimi hana hata nauli. Miezi ya kwanza niliona giza kwa njaa. Kisha sketi ikaanza kuzunguka kiunoni, nikaifunga kwa pini. Kidonda kikafunga chenyewe, kikaacha alama nyeusi. Siku niliyoinuka kitini bila kushika ukuta nililia kwa furaha, peke yangu uani, na nikarudia kuinuka na kuketi kama mtoto aliyepewa kiti kipya.

Lazima sasa nimlete rafiki yangu, na namleta kwa shida. Alikuwa Mganda, muuza vitunguu pale Custom, wa rika langu. Alikuwa akiniletea vitunguu mwenyewe, anakaa, anatazama kipindi, tunaondoka pamoja kwenda kanisani Jumapili. Nikiugua malaria yeye ndiye aliyenipikia uji. Tuliitana dada, na sikulitumia neno hilo kwa mzaha.

Kiingereza hakukijua, ila neno mojamoja. Siku moja daktari wa kwenye televisheni alikuwa akimwambia mgonjwa wake, kwa tabasamu pana, kwamba akifuata masharti atakuwa slim. Dada yangu akashtuka, akaacha kutafuna. Ndugu zangu wa Uganda wanajua kwa nini. Kwao neno hilo si la urembo. Silimu ni ukimwi, ndilo jina waliloupa tangu ulipoanza kuwamaliza watu kwa kuwakondesha, na kila familia ina kaburi lake la silimu. Akamuuliza kijana wa benki kama amesikia vizuri, kwamba daktari anamwahidi yule mama silimu na huku anacheka.

Kijana alijua maana zote mbili. Alikuwa na shahada. Ingemchukua sekunde moja kumweleza dada yangu kwamba kwa Kiingereza neno hilo ni wembamba tu. Badala yake akatoa kijiti mdomoni, akasema kwa sauti ya mkalimani, "Ndiyo, anampa silimu." Waganda wote waliokuwamo wakaguna kwa hofu, naye akajiumauma midomo asicheke. Nilimwambia dada yangu siyo, anakutania, ni mwili mwembamba tu. Akatikisa kichwa kama anayeelewa. Lakini msomi ni yule kijana na mimi ni mpishi, na lililobaki ni lile alilolisema msomi.

Wiki chache baadaye nilikuwa uani nazungumza kwa simu na dada yangu wa tumbo moja, aliyeko nyumbani Kenya. Mtandao ulikuwa mbaya, nikawa napaza sauti. Nikamwambia nimeenda hospitali, nimepimwa, na mambo si ya mchezo. Akauliza sasa daktari anasemaje. Nikampigia kelele, nikicheka, kwamba daktari anataka niwe slim. Dada yangu wa Juba alikuwa amesimama mlangoni na gunia la vitunguu. Nilimwona akilitua chini polepole. Nilifikiri ni uzito wa gunia.

Alichofanya alikifanya kwa upendo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwa sababu upendo huwezi kuupiga kofi. Jumamosi moja saa kumi, ukumbi umejaa na mtu wa kwenye televisheni anapandishwa mizani, waliingia akina mama wa kanisa wamevaa magomesi, yale magauni marefu ya Kiganda, yeye mbele. Wakanizunguka nikiwa na sinia la soda. Wakaweka mikono yao kichwani, mabegani, tumboni kwangu, wakaanza kukemea. Nilisikia neno silimu likikemewa kwa Kiswahili na kwa Kiganda, litoke, litoke, liache mwili wa dada yetu. Kijana wa benki alipunguza sauti ya televisheni ili watu wasikie vizuri.

Nikapasuka. Niliweka sinia chini, nikawaondoa mikono mmoja mmoja, nikasema kwa sauti ya kufika barabarani kwamba mimi nina ugonjwa wa sukari, nimeambiwa nikonde, nimekonda kwa jasho langu, na anayetaka kuona dawa zangu aje azione. Dada yangu akanishika mkono, machozi yakimtiririka.

"Dada," akasema, "mimi iko najua. Hata ndugu yangu mwanamume alisema ni sukari. Usione haya, sisi iko pamoja na wewe."

Kadiri nilivyokana ndivyo nilivyozidi kufanana na wale wote waliokana wakafa. Nilimweleza tena tukiwa wawili, kwa utulivu, nikamwonyesha alama ya kidonda, nikamweleza habari za mama. Alinisikiliza huku akinipapasa mgongo.

Ukumbi ulianza kupungua kuanzia Jumatatu. Walipita tu, wakanisalimia kutoka barabarani, wakaenda kula kwa Mganda wa kona. Waliobaki waliagiza mayai ya kuchemsha, wayamenye wenyewe. Na kijana wa benki, yule aliyekijua Kiingereza chake chote, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote Munuki kwamba slim si silimu, akaacha pilau yangu. Alikuja kutazama kipindi, akaagiza soda, akaifungua mwenyewe, akainywa kwa mrija aliokuja nao mfukoni. Nilimuuliza mbele ya watu kama anaogopa chupa au ananiogopa mimi. Akasema, "Mathe, siku hizi mtu hawezi kujua." Mwongo aliuamini uongo wake mwenyewe. Nimewahi kukutana na watu wabaya, lakini mjinga mwenye tai ananichosha zaidi.

Mzee mwanajeshi peke yake aliendelea kula kama kawaida. Alisema msituni wote walikonda na hakuna aliyewaombea.

Dawa ya yote ilikuwa rahisi, na kila mtu aliijua: ninenepe. Dada yangu alikuwa akiniletea bushera, ule uji wa mtama wa kwao, kwenye jagi, karanga zilizosagwa, ndizi zilizopikwa kwa samli, ananikalia mbele anangoja nimeze. Alisema watu wakiona mwili umerudi watarudi. Alisema kweli, wangerudi. Wangenicheka, lakini wangekula. Nikawa mtu wa kuchagua kati ya hoteli na mguu, na kila sahani niliyoirudisha ilikuwa ushahidi mwingine kwamba siwezi kula, kwamba nimefika mwisho. Waliponicheka nilikuwa mnene, waliponikimbia nilikuwa mwembamba, na katikati hawakunipa hata wiki moja ya kupumua. Bushera niliumwagia mgomba wa jirani, ukastawi sana.

Ikafika Desemba ya vita. Kwa siku kadhaa kabla, mji ulikuwa umeshika pumzi. Wakubwa wamekosana, askari wamejaa njia panda, na sisi wageni tukaanza kupanga. Kulikuwa na lori lililoleta vitunguu vya dada yangu kutoka Uganda, lilikuwa limeegeshwa Custom likingoja kurudi tupu. Tulikubaliana, yeye na mimi na wale akina mama wa kanisa, kwamba mambo yakiharibika lori lile ni letu sote. Atanipigia simu, nami nitakuwa na mfuko wangu mkononi.

Yaliharibika. Milio ilipoanza nililala sakafuni nyuma ya magunia ya unga, na kulipopambazuka milio ilikuwa ingali inasikika. Nilikaa na mfuko mapajani, simu mkononi. Nilipiga, ikaita, haikupokelewa. Nilipiga tena, ikaita tena. Niliwaza amepigwa risasi, nikamlilia pale sakafuni kama mtu aliyefiwa. Kisha mtandao ukakatika. Siku zilizofuata nilikula unga uliokorogwa kwa maji, dawa zikaisha, na nje palikuwa na mambo niliyoyasikia ambayo sitayaandika.

Milio ilipotulia kidogo, majirani wakasema ndege za kutuchukua Wakenya ziko uwanjani, anayeweza kufika afike. Hakukuwa na boda boda hata moja. Nikatembea. Nilikuwa na viatu vyangu vya jikoni vya mpira, kwa kuwa vile vya kwendea sokoni sikuvipata gizani, na nilipita njia za uchochoroni, na mahali pengine nilikimbia. Ubaya wa sukari ni kwamba mguu haulii. Mguu wa mtu mwingine ungeuma, ungemwambia asimame atazame. Wangu ulinyamaza njia nzima. Nilipoketi ndani ya ndege na kuvua kiatu nilikuta soksi imeloa damu na kidole kimefunguka palepale penye alama, na cha pili kimechunika mpaka kwenye mfupa.

Walivikata hospitalini huko nyumbani Kenya, vyote viwili, wiki ya Krismasi. Dada yangu wa tumbo moja alisimama kando ya kitanda akisema nishukuru ni vidole tu. Nilishukuru. Lakini nilikuwa nimeacha kila kitu kitamu duniani ili mguu ule ubaki mzima, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka.

Nilirudi Juba baada ya msimu wa mvua, kwa sababu hoteli ndiyo maisha yangu na sina mengine. Televisheni walikuwa wameiiba, wakaacha dishi juu ya paa. Kijana wa benki alikuwa amehamishiwa Kenya. Mzee mwanajeshi hatukumwona tena, na niliyemuuliza alinishauri nisiulize. Watu waliokuja kula walikuwa wamekonda, mji mzima ulikuwa umekonda, mashavu yameingia ndani, mikanda imetobolewa matundu mapya, na sikumsikia mtu hata mmoja akiliita hilo silimu.

Dada yangu alirudi baadaye. Nilimwona akiingia mlangoni na vitunguu, nikasimama, nikataka kumkimbilia, kwa sababu nilikuwa nimemlilia kama maiti. Yeye hakunikimbilia. Alibaki mlangoni akinitazama kama mtu aliyeona mzuka. Kisha akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaanza kusema bila kuulizwa, macho yake chini.

Simu aliisikia. Ilikuwa mkononi mwake, ndani ya lori, ikiita, jina langu kwenye kioo. Lori lilikuwa limejaa, nafasi imebaki ya mtu mmoja, na kulikuwa na msichana amesimama barabarani na mtoto mgongoni. Akina mama wakazungumza. Wakasema yule dada wa hoteli amebakiza miezi tu, na msichana huyu ana maisha mbele yake. Wakaomba. Wakampandisha msichana.

Nilikaa mbele yake. Msichana yule simchukii, na mtoto wake simchukii; niliapa siku ileile kwamba sitawachukia. Nilivua kiatu, nikavua na soksi, nikaunyoosha mguu mpaka ukafika karibu na goti lake, auone vizuri. Aliutazama. Akalia, nami sikumbembeleza.

"Nilikuambia ni sukari," nikamwambia. "Nilikuambia mara ngapi?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Uliniambia, dada," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unakonda."